Saidi, Sayyid na Msaidizi: Neno juu ya Jina Moja la Kiarabu

Katika majina ya Kiarabu yaliyoenea pwani yetu na kupanda hata bara, ni machache yasikikayo mara nyingi kama Saidi, na ni machache yafasiriwayo ovyo kama hilo. Wako wasemao kwamba Saidi maana yake ni "msaidizi", kwa kuwa jina lenyewe lalia ndani ya kitenzi kusaidia. Wengine husema maana yake ni "bwana", nao hutoa ushahidi wa watawala wa Unguja walioitwa Seyyid. Wachache husema ni "mwenye bahati", nao mara nyingi hushindwa kuonyesha wameyapata wapi maneno hayo. Fasiri hizi husomwa katika vijitabu vya majina na hutajwa darasani. Na mara nyingine hutajwa karibu na kisima cha ubatizo, mtu mzima anapoulizwa kama ataliacha jina alilopewa na baba yake au atakaa nalo. Jina likiwa limefika hapo, yatupasa kuliangalia vizuri kabla ya kulihukumu.

Chanzo cha mchafuko wote ni herufi moja. Kiarabu kina sauti ya koo iitwayo aini, nayo Kiswahili hakikuipokea katika usemi wa watu wengi, wala maandishi yetu ya herufi za Kirumi hayana alama yake. Mwandishi wa zamani aliyeandika kwa herufi za Kiarabu hakupata taabu hii. Said aliliandika kwa sini, aini, ye na dali. Sayyid aliliandika kwa sini, ye yenye shada, na dali. Macho yake yalimwambia mara moja kwamba haya ni maneno mawili. Sisi tuliofunzwa kusoma kwa herufi za Kirumi twaona Said na Sayid, tofauti yake ye moja tu, nasi twadhani kwamba karani mmoja alikuwa na haraka.

Kila mwalimu aliyegusa Kiarabu kidogo ajua ya kuwa maneno ya lugha hiyo hujengwa juu ya shina la konsonanti, aghalabu tatu, na vokali huja kuvika shina hilo nguo mbalimbali. Shina la Said ni sini, aini, dali. Humo hutoka Saad, Saidi, Masudi, Suudi, Asaad, na kwa wanawake Saada, Saadia na Suadi. Shina la Sayyid ni sini, wau, dali, na wau hiyo imegeuka kuwa ye kwa kanuni za sarufi yao. Shina hili la pili kwa herufi zake ni lile lile la neno aswad, yaani "-eusi", ambalo kwalo nchi ya Sudani ilipata jina lake. Basi tukihesabu kwa herufi tu, Sayyid amekaa karibu na Sudani kuliko alivyokaa karibu na Saidi. Hatusemi haya ili kumfanya bwana kuwa mweusi. Twataka kuonyesha jinsi sikio linavyoweza kutupeleka mbali na njia.

Wanaosema Saidi ni "bwana" wamedanganywa na mtu mmoja mkubwa. Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1791 na kutawala Omani na pwani hii tangu 1806 hata alipofariki mwaka 1856, ajulikana katika vitabu vyote kwa jina la Sayyid Said, au Seyyid Said kwa tahajia ya zamani. Mtoto wa shule akisoma hayo hudhani kwamba neno moja limerudiwa kwa heshima, kama tusemavyo "bwana bwana". Sivyo. Sayyid ni cheo chake, na Said ni jina lake. Jamaa yake nao ni Al Busaidi, yaani watu wa Bu Said, "baba wa Said". Hapo ndipo jina lenyewe limerudi, nalo ni jina la mtu wala si cheo. Tena baba yake mtawala huyu, aliyekufa mwaka 1804, aliitwa Sultan bin Ahmad, na Sultan hapo ni jina alilopewa utotoni. Kwa hiyo katika ukoo huu cheo kimekuwa jina kwa baba, na jina limedhaniwa kuwa cheo kwa mwana. Si ajabu wanafunzi wakipotea, maana Wazungu wengi wa wakati ule walipotea kabla yao, wakamwita Said "Imamu wa Maskati" ingawa hakupata kuchaguliwa kuwa Imamu.

Hapa twaongeza jambo moja juu ya cheo hicho. Katika nchi nyingi za Waislamu, Sayyid ni mtu wa nasaba ya Mtume Muhammad, nao ndio wale ambao watu wa Lamu na Mombasa huwaita pia Masharifu, ambao wengi wao asili yao ni Hadhramaut. Lakini Al Busaidi hawakudai nasaba hiyo. Kwao neno lilikuwa heshima ya nyumba itawalayo, kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani "bwana". Hata Wakristo wa Hispania walimpa shujaa wao Rodrigo Díaz de Vivar, aliyekufa mwaka 1099, jina la El Cid, nalo ni sidi la Waarabu, "bwana wangu". Anayefasiri Sayyid kila mahali kuwa "mjukuu wa Mtume" amekosa, naye anayelifasiri Said kuwa Sayyid amekosa mara mbili.

Mfano ulio mwema kuliko yote wa maneno haya mawili kukutana katika mtu mmoja hauko katika jumba la Sultani. Uko Fumba, kijiji cha Unguja, alikozaliwa karibu na mwaka 1880 mtoto wa kike aliyeitwa Mtumwa. Baadaye alijulikana kwa jina la Siti binti Saad, akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay, akafariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Siti ni neno la shina la Sayyid: ni sayyidati, "bibi wangu", lililofupishwa na ulimi wa watu. Saad, jina la baba yake, ni la shina la Saidi. Basi ndani ya jina hilo fupi yamo yote mawili, bibi upande huu na bahati upande ule, na katikati binti akiyatenga yasigongane. Na mtu aliyechukua maneno hayo mawili alikuwa ameitwa Mtumwa tangu kuzaliwa.

Wataalamu wa Kiarabu wenyewe walisumbuka na neno siti. Kwa kuwa sitta ni sita, walikuwako waliosema kwamba mwanamume amwitapo mwanamke sitti amwambia, "Ewe pande zangu sita", yaani mbele na nyuma, kuume na kushoto, juu na chini, kana kwamba bibi huyo amemzunguka pande zote. Fasiri hii yapendeza, na kamusi za zamani zimeiandika. Lakini kamusi hizo hizo zasema kwamba neno lililo sahihi ni sayyidati. Twaitaja ili mwalimu asione haya kwa fasiri za sikio zilizoko kwetu. Wenye lugha nao huzitunga.

Sasa twarudi kwa "msaidizi". Fasiri hii ni ngumu kuipinga kuliko ile ya "bwana", kwa sababu nusu yake ni kweli. Kitenzi chetu kusaidia na jina letu msaada vyatoka katika shina lile lile la sini, aini, dali. Waarabu husema saʿida kwa mtu aliyepata heri, na sāʿada, kwa kuirefusha vokali ya kwanza, kwa mtu amtendeaye mwenziwe tendo la kumwinua. Katika shina hilo pia mkono, tangu kiwiko hata kiganja, huitwa sāʿid, labda kwa kuwa ndio unaobeba na kutegemeza. Waebrania nao wana kitenzi cha shina hilo, na maana yake kwao ni kutegemeza; mwenye kusoma Zaburi ya 94 mstari wa 18 katika Kiebrania atakikuta hapo. Basi mtoto asemaye kwamba Saidi na msaada ni ndugu asikemewe. Amesikia kweli.

Walakini ndugu si mtu mmoja. Said ni neno la umbo la faʿīl, nalo hapa laeleza hali aliyo nayo mtu, wala halielezi kazi aitendayo. Karimu ni mtu mwenye ukarimu, na Jamili ni mtu mwenye uzuri. Vivyo hivyo Saidi ni mtu mwenye saad. Anayetoa msaada kwa Kiarabu ni musāʿid, nalo ni jina la watu pia, Musaidi. Kama baba wa Kiarabu angetaka kumwita mwanawe Msaidizi, jina lilikuwapo tayari, asingekuwa na haja ya kuazima lile jingine. Twalisisitiza jambo hili kwa kuwa tumesikia mtoto aitwaye Saidi akihimizwa afanye kazi za wenzake ili "alitimize jina lake". Jina halimdai hivyo. Baba yake alimwombea apewe, na mwalimu amegeuza dua kuwa deni.

Saad basi ni nini? Vijitabu vingi, kwa kufuata kamusi za Kizungu, husema "furaha". Kwa Kiarabu cha siku hizi ni sawa, maana watu husalimiana kwa neno hilo katika sikukuu. Lakini maana iliyo chini ya hiyo ni bahati, tena bahati iliyoshuka kutoka juu. Waarabu wa kale waligawa njia ya mwezi mbinguni katika vituo 28, na vinne vilivyofuatana, tangu cha 22 hata cha 25, kila kimoja waliita Saad na jina la kukipambanua. Kimoja chaitwa Saad as-Suud, "bahati ya bahati zote", na wataalamu wa nyota wa Ulaya wangali wakiiandika nyota yake kwa jina la Sadalsuud. Katika elimu ya falaki Mushtari huitwa Saad Mkubwa na Zuhura huitwa Saad Mdogo, kwa kuwa nyota hizi mbili zilihesabiwa kuwa za heri. Mswahili asemaye juu ya mtu fulani kwamba nyota yake ni njema amelifasiri jina la Saidi kuliko kamusi nyingi, ingawa hakukusudia.

Katika Kurani, sura ya Hudi, aya ya 105, neno saʿīd lasimama mbele ya shaqiyy, yaani mwenye heri mbele ya mwovu wa bahati, katika habari ya siku ya hukumu. Hapo bahati imepandishwa ikawa wokovu. Ndiyo sababu moja ya Waislamu kulipenda jina hili, na sisi twaona kwamba kwa Kiswahili "mwenye heri" lachukua maana zote mbili, ya nyota na ya hukumu, kuliko "mwenye bahati" ambalo siku hizi lanuka mchezo wa karata.

Lakini je, ni jina la Kiislamu? Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Halima, mwanamke aliyemnyonyesha Muhammad utotoni, aliitwa as-Saadia kwa kuwa alikuwa wa kabila la Banu Saad. Basi kabila lilichukua jina la Saad kabla Muhammad hajaweza kusema. Wanahistoria wa Waarabu wasimulia pia habari za jiwe refu lililoabudiwa na watu wa Kinana huko jangwani, nalo liliitwa Saad. Na iko hadithi ya kale ya Dabba, aliyekuwa na wana wawili, Saad na Said. Ngamia wa baba yao walipotea usiku, vijana wakaenda kuwatafuta, kila mmoja njia yake. Saad akarudi na ngamia, Said hakurudi. Tangu siku hiyo mzee kila alipoona kivuli cha mtu gizani alikuwa akiuliza, "Ni Saad, au ni Said?" Swali hilo likawa methali ya kuuliza kama habari ijayo ni njema au mbaya. Majina yote mawili yasema bahati, na mwenye jina moja ameuawa njiani! Hadithi hiyo ni ya watu waliokuwa hawajasikia habari za Uislamu.

Na baada ya Uislamu kuingia Misri, jina halikufungiwa msikitini. Katika karne ya 10 walikuwako wana wawili wa nchi hiyo walioitwa Said, nao wote wawili wakasifika. Mmoja ni Said bin Batrik, tabibu na mwandishi wa historia, aliyekuwa Patriaki wa Aleksandria wa Wakristo wa Kimelkiti, akafariki mwaka 940. Wa pili ni Said bin Yusuf wa Fayumu, Myahudi, aliyeifasiri Torati kwa Kiarabu na kuwa mkuu wa chuo cha Sura katika Babeli, akafariki mwaka 942. Wayahudi humwita Saadia. Patriaki na mkuu wa chuo cha Torati walikufa kwa kupishana miaka miwili, na hakuna aliyewaambia kwamba jina lao ni la dini nyingine.

Yule Patriaki kwa Kiyunani aliitwa Eutychius, na kwa mwenye kupima majina hapa pana hazina. Eutychius latoka katika eutyches, "mwenye bahati njema". Ni Said neno kwa neno. Nani asiyemkumbuka kijana Eutiko, aliyesinzia dirishani Paulo alipokuwa akihubiri kule Troa, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akainuliwa akiwa hai? Huyo ni Saidi kwa Kiyunani, na habari yake yamstahili. Tukienda kwa Kilatini twamkuta liwali Feliki, naye pia ni Saidi, maana felix ni mwenye heri. Ndiyo maana Warumi waliita nchi ya Yemeni Arabia Felix. Fortunato aliyewafariji watu wa Korintho, kama Paulo asemavyo mwishoni mwa waraka wa kwanza, si mbali nao.

Twauliza basi: mtu aitwaye Saidi anapotaka kubatizwa, akaambiwa aliache jina lake kwa kuwa ni la Kiislamu, kisha akapewa Felix, amebadilisha nini? Amepewa jina lile lile katika lugha ya liwali aliyemwacha Paulo kifungoni miaka miwili huku akitumaini kupewa fedha. Hatusemi kwamba mtu asichague jina jipya. Hiyo ni hiari yake, na kanisa lake lina desturi zake, tena wako wapendao alama iliyo wazi ya mwanzo mpya. Twapinga sababu moja tu, ile isemayo kwamba jina la Saidi kwa asili yake ni kiapo cha dini. Asili yake haina kiapo. Padre akitaka jina libadilishwe, na atafute sababu nyingine, na amwambie mtu huyo kweli juu ya lile aliachalo. Maana mara nyingi ndilo kitu pekee alichoachiwa na babu yake.

Liko jambo jingine ambalo vijitabu vya majina hulipita kimya. Majina ya heri hayakuwa ya waungwana peke yao. Mtu mmoja aliwauliza Waarabu wa kale kwa nini huwaita wana wao kwa majina makali, kama Kelbu na Harbu, yaani mbwa na vita, na watumwa wao kwa majina mazuri. Akajibiwa kwamba wana wamepewa majina kwa ajili ya adui, na watumwa kwa ajili ya bwana wao. Mwenye nyumba alitaka kusikia neno la baraka kila amwitapo mtumishi. Desturi hii ilivuka bahari. Katika karne ya 19, wakati wa misafara ya bara, twawasikia akina Mabruki na Baraka na Mubaraka, na aliye mashuhuri kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa Yao aliyeuzwa utotoni, kisha akawaongoza Burton na Speke. Iko hadithi katika kitabu cha Muslim isemayo kwamba Muhammad alikataza kuwaita watumwa Rabaha, Yasari, Aflaha au Najihi, majina ya faida na wepesi na kufaulu, ili mtu asije akauliza, "Faida yuko?" akajibiwa, "Hayuko". Masudi ni jina la namna hiyo hiyo, maana yake "aliyetiwa heri". Limechukuliwa na mfalme, na limechukuliwa na mtu aliyenunuliwa sokoni. Basi asidhani mtu kwamba jina tukufu lathibitisha nasaba tukufu, wala kinyume chake.

Yamebaki machache ya kuandika daftarini. Mtoto akisema jina lake ni Saidi, liandikwe Saidi au Said, kama wazazi wake waandikavyo, wala karani asiongeze ye kwa kudhani anampa heshima, maana amempa cheo asichokuwa nacho. Akisema ni Sayidi, aulizwe mzazi. Zaidi ni jina jingine kabisa, la shina la kuongezeka, ndugu yake zaidi ya kila siku. Sadiki ni la kweli na urafiki, nalo laanza kwa swadi. Asaad ni "mwenye heri kuliko wote", lakini Asadi ni simba, na hapo tena aini peke yake yamtenga mnyama na mtu. Mji wa Port Said, uliojengwa tangu mwaka 1859 penye mlango wa mfereji wa Suezi, wachukua jina la Said Pasha aliyetawala Misri tangu 1854 hata 1863, na huyo ni Saidi wetu. Lakini Wamisri wakisema as-Said kwa maana ya nchi yao ya kusini, neno hilo ni la swadi, nalo ni "nchi ya juu". Mwalimu wa jiografia asichanganye mji wa pwani na nchi ya juu kwa sababu ya herufi ambazo ramani yake haikuziandika.